Tuonyesheni na Safu ya Pili: Hesabu ya Mbolea, Kahawa na Makaa kutoka Mbinga

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyesoma naye sekondari, sasa hivi ni kada kabisa wa chama tawala, alinitumia bango kwenye WhatsApp. Picha ya Rais, rangi ya kijani, na orodha ya mafanikio kwa mkulima wa Mbinga: mbolea ya ruzuku, bei ya kahawa imepanda, makaa ya mawe yanauzwa mpaka nje ya nchi, bajeti ya kilimo imekua zaidi ya mara tatu. Chini yake akaandika: "Haya mwanasheria, pinga na hili."

Makamanda, sikupinga. Na leo sipingi. Karibu kila kitu kwenye lile bango ni kweli, na mpinzani anayekataa kitu ambacho mama yake mwenyewe amekiona kwa macho anajivunjia heshima bure. Nilichomjibu ni kwamba daftari la duka lina safu mbili, ya kilichoingia na ya kilichotoka, na yeye amenitumia moja. Ya pili iko wapi? Akaisoma, alama mbili za bluu zikaonekana, na mpaka leo kimya.

Basi ya pili nitaiandika mimi. Siandiki kama mchumi, sijasomea. Naandika kama mtoto wa Matiri ambaye ada yake imetoka kwenye kahawa na mahindi, na ambaye kila akisikia neno "sera" anajiuliza maswali matatu: nani analipa, analipa lini, na je, ana nafasi ya kukataa?

Tuanze na mbolea, kwa sababu hiyo ndiyo yenye faida ya wazi kuliko zote. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine imeshapandisha bei dunia nzima, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ulikuwa umevuka Sh 120,000. Tarehe 8 Agosti, Nane Nane kule Mbeya, Rais akazindua ruzuku na mfuko ukashuka mpaka Sh 70,000. Hiyo ni nafuu ya zaidi ya Sh 50,000 kwa kila mfuko. Mkulima wa mahindi aliyehitaji mifuko minne aliokoa zaidi ya laki mbili. Kwetu laki mbili ni bati, ni ada, ni matibabu. Aliyefanya hivyo apewe sifa yake, sina tatizo.

Sasa pindua ukurasa. Ili upate mfuko wa ruzuku lazima uwe umeandikishwa, una namba, namba inasoma, na wakala ana mzigo. Wakala yuko wapi? Mara nyingi yuko mjini. Unaondoka alfajiri, unakuta foleni, mtandao umekata, unaambiwa njoo kesho. Kesho ni nauli nyingine, na siku nyingine ya shamba imekwenda wakati mvua haikusubiri. Ukifanikiwa, mifuko minne haibebwi kichwani. Unapanda bodaboda, na bodaboda haitembei kwa maji. Mwaka 2021 serikali iliongeza Sh 100 kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka 2023 ikaongeza Sh 100 nyingine. Jumla Sh 200 kwa lita, juu ya kodi zilizokuwepo. Ile ya 2021 ilisemwa ni ya barabara za vijijini, na barabara zinahitaji hela, hilo nalielewa vizuri kuliko mtu wa Masaki. Ila msinionyeshe nafuu ya mfuko peke yake halafu mnyamaze kuhusu mafuta yaliyousafirisha. Mkulima ni yuleyule mmoja, na mfuko wake wa suruali ni mmoja.

Na ile "zaidi ya mara tatu" ya bajeti. Ni kweli, Wizara ya Kilimo ilitoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 ikafika Sh bilioni 970 mwaka 2023/24. Makofi yalipigwa mpaka mikono ikauma. Lakini bajeti nzima ya nchi mwaka ule wa 2023/24 ilikuwa Sh trilioni 44.39. Chukua simu yako, gawanya. Unapata asilimia 2.2. Mwaka 2003 kule Maputo, viongozi wa Afrika, Tanzania ikiwemo, walikubaliana kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa ajili ya kilimo. Kwa hesabu hiyo tulipaswa kuzungumzia trilioni 4.4, na mpaka hapo miaka 20 ilikuwa imepita. Mtu akikuahidi elfu kumi, akakupa 700, kisha akaongeza ikafika 2,200, kweli imezidi mara tatu. Anakudai shukrani kwa lipi?

Tozo za miamala sitakaa nazo sana, mnazikumbuka wenyewe. Julai 2021 zikaanza, mpaka Sh 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, juu ya makato ya kampuni za simu. Watu wakapiga kelele, Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. Nazitaja kwa sababu moja tu: kama hesabu ingefanyika kabla, isingehitajika kusahihishwa mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili. Walianza kukata, ndipo wakaanza kupima. Na aliyelipa wakati wao wanajifunza ni mama anayemtumia mtoto wake hela ya kula chuoni.

Sasa kahawa. Hapa nitakaa.

Wazee wa Mbinga wamesharushwa kama mpira kwenye suala la nani anunue kahawa yao. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika nchi nzima, mazao yakapelekwa kwenye mamlaka za serikali. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Kwetu ikaja MBICU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, ambayo wazee wanaikumbuka kwa mambo mawili yanayogombana: ilikopesha pembejeo, mkulima alipata dawa na mbolea bila kutoa hela mkononi, na iliporomoka miaka ya 1990 ikiwa na madeni. Msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia mpaka kijijini na hela taslimu. Mkulima akalipwa palepale, ila pembejeo za mkopo zikatoweka pamoja na ushirika. Halafu mwaka 2018 serikali ikageuza tena: mnunuzi binafsi marufuku kununua shambani, kahawa yote ipite AMCOS, iende mnadani.

Nihesabie. Mara nne ndani ya miaka 42. Na hakuna hata mara moja mkulima wa Mbinga aliulizwa.

Sababu ya 2018 ilikuwa na uzito, tusiwe wanafiki. Kule Kagera wanaiita butura, Mtwara kwenye korosho wanaiita kangomba, kwetu tunaiita magoma: mtu mwenye hela anakuja Februari au Machi, njaa imeshika, anakupa laki moja au mbili, na kahawa yako inakuwa yake ingali mtini. Msimu ukifika anavuna jasho lako kwa bei ya kutupa. Magoma ni unyonyaji, basi. Yeyote anayesimama jukwaani kutetea magoma kwa jina la "soko huria" hajawahi kuona mtu mzima anaangalia kahawa yake ikipakiwa na mtu mwingine.

Na AMCOS zina faida nyingine. Kahawa ikikusanywa pamoja, ikamenywa kwenye mashine moja na kuoshwa vizuri, ubora unapanda, na mnadani mzigo mkubwa wenye ubora unapata bei kuliko debe la mtu mmoja. Mizani ikiwa ya chama, wizi wa rula na mawe unapungua. Haya yote naweka kwenye safu ya kwanza, kwa wino mweusi.

Tatizo ni kalenda. Kahawa unaipeleka AMCOS kuanzia katikati ya mwaka. Unapata malipo ya awali, kama yapo. Kahawa inakwenda kiwandani kukobolewa, inapangwa madaraja, inasubiri mnada, inauzwa, mnunuzi analipa, hela inarudi kwenye chama kikuu au AMCOS, yanaanza makato: ushuru wa halmashauri asilimia 3, gharama za chama, usafirishaji, kukoboa, riba ya benki, pembejeo ulizokopeshwa. Ndipo yako inafika. Wakati huo huo, watoto wa kidato cha tano wameshatakiwa kuripoti Julai, vyuo vinafungua Oktoba na Novemba, mbolea ya mahindi inatakiwa kabla ya mvua za Novemba. Kila kitu kinadai kabla kahawa haijalipa.

Nitawaambia la kwetu. Jina la AMCOS naliacha, viongozi wake ni majirani na siwashtaki. Mwaka niliojiunga na chuo, mama alipeleka kahawa yote kwenye chama kama sheria inavyotaka. Malipo ya awali yalikuja, tukalipa madeni ya duka na nauli yangu. Malipo ya pili tukaambiwa Oktoba. Oktoba ikawa Desemba. Yaliingia mwishoni mwa Januari. Kati ya hapo nilikuwa Dar es Salaam, mkopo wa bodi haujatoka, nadaiwa hela ya usajili, nalala wanne kwenye chumba cha wawili. Mama alifanya nini? Alifanya kile ambacho sera ilisema imekikomesha. Alichukua Sh 200,000 za magoma, alipe kwa kilo 80 za msimu unaofuata. Msimu ulipofika, bei ikawa kama Sh 6,000 kwa kilo. Zidisha. Kahawa ya Sh 480,000 ilitoka kwa deni la laki mbili.

Mnaona kinachonikera? Sera iliyotungwa kuua magoma ilimsukuma mama yangu kwenye magoma. Si kwa sababu AMCOS ni wezi. Ni kwa sababu aliyepiga marufuku hela taslimu ya mnunuzi binafsi hakuweka hela nyingine mahali pake. Alifunga duka la bei mbaya bila kufungua duka la mkopo nafuu. Magoma ni njaa ya hela, na njaa haisikii maelekezo ya mkuu wa wilaya. Ilichofanya marufuku ni kuifanya biashara iwe ya siri, na biashara ya siri ina bei mbaya zaidi, maana sasa yule mwenye hela anakutoza na hatari ya kukamatwa.

Sasa turudi kwa rafiki yangu wa bango: "Lakini bei imepanda!" Imepanda kweli. Februari 2025, arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, haijawahi kutokea. Kwa nini? Ukame Brazil, mavuno mabaya Vietnam. Ukame wa Brazil haukupangwa Dodoma. Kama unataka kujua kipi kimeletwa na sera ya AMCOS na kipi kimeletwa na dunia, angalia jirani ambaye hana sera hiyo. Uganda ilifungua soko la kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na haikufunga tena. Mkulima anauza kwa anayemtaka, hela palepale. Je, bei Uganda haikupanda? Ilipanda. Mwaka wa fedha 2023/24 waliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, thamani zaidi ya dola bilioni moja. Sisi kwa miaka mingi tumezunguka kwenye tani 50,000 mpaka 80,000 hivi. Hatufiki hata robo yao. Na kule Kagera, wananchi wetu wamekuwa wakivusha kahawa usiku kwenda Uganda, wakihatarisha kukamatwa. Mtu akikimbiza mali yake usiku porini ameshapiga kura kuhusu sera yako, hata kama hukumpa karatasi.

Simaanishi Uganda ni peponi. Walanguzi wapo kule pia, na mkulima mdogo anapunjwa. Namaanisha kwamba ukidai sifa ya bei, lazima uonyeshe ni shilingi ngapi kati ya hiyo bei umeileta wewe. Na mpaka leo sijaona waraka wowote wa serikali uliokaa ukapima: kabla ya 2018 mkulima alibaki na kiasi gani baada ya makato, alilipwa baada ya siku ngapi, na sasa hivi anabaki na kiasi gani, baada ya siku ngapi. Swali la darasa la saba. Kama jibu ni zuri, si mlitoe tu?

Tusisahau pia kwamba ile 2018 ndiyo ya korosho. Kwa walio wadogo: wanunuzi walitoa bei ndogo mnadani, serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, Novemba likaingia jeshi na malori. Watu walishangilia kusini kote, mpaka Tunduru hapa mkoani kwetu. Kwa bei ile nami ningeshangilia. Kisha likaja zoezi la uhakiki, malipo yakachelewa, wengine walisubiri miezi na miezi. Ahadi ya bei ilikuwa kubwa, tarehe ya kulipa haikuwepo. Ugonjwa uleule: bei inatangazwa kwa kipaza sauti, tarehe inanong'onwa.

Upande wa sheria nao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inasimama kwenye misingi ya ushirika inayojulikana duniani, wa kwanza ukiwa uanachama wa hiari. Sasa nieleze hiari iko wapi kama njia nyingine zote zimefungwa. Kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, mapatano yanakuwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru. Mwalimu wangu angenikata maksi hapa, najua, maana serikali kudhibiti soko si sawa na mtu kukushika koo usaini. Sawa. Lakini mantiki ni ileile: chama cha hiari kinamhofia mwanachama wake, kwa sababu anaweza kuondoka. AMCOS ambayo mkulima hawezi kuikimbia haina sababu ya kuharakisha malipo. Mpeni mkulima mlango wa kutokea muone kama malipo ya pili hayatafika Oktoba.

Makaa ya mawe sasa, maana hayo hatukuyapanda, yalikuwepo chini. Mgodi wa Ngaka uko Ntunduwaro, kata ya Ruanda, hapahapa Mbinga. Kampuni iliyoanza kuchimba mwaka 2011 ilikuwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa lenye asilimia 30 na Waaustralia wenye 70. Vita ya Ukraine ilipopandisha bei, malori yalikuwa yanapita kama siafu kuelekea bandari ya Mtwara. Faida zipo: ajira, dereva analala gesti, mama ntilie anauza, taifa linapata dola. Safu ya kwanza, wino mweusi.

Lakini angalia mgawo. Chukua makaa ya Sh bilioni 1 yanayouzwa nje. Mrabaha ni asilimia 3, sawa na milioni 30. Ada ya ukaguzi asilimia 1, milioni 10. Hizo zote zinakwenda juu, serikali kuu. Halmashauri, ambayo ndiyo inakaa na vumbi, inapata ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3, yaani hauzidi milioni 3. Milioni 40 juu, milioni 3 chini. Na kijiji chenyewe? Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinaitaka kampuni iandae kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii, ukubaliane na halmashauri. Ni kifungu kizuri, nakisifu. Ila hakisemi asilimia ngapi, kwa hiyo kijiji kinapokea kwa kuomba kile ambacho kingepaswa kukidai.

Wakenya, kwenye Sheria yao ya Madini ya 2016, wameandika mgawo wa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayozunguka mgodi. Utekelezaji wao una matatizo yake, siwapambi. Lakini mwananchi wa kule ana namba ya kudai, imeandikwa. Kwa mgawo huo, katika ile milioni 30 ya mrabaha, milioni 6 zingebaki Mbinga na milioni 3 zingekwenda kwa wanakijiji wenyewe. Si hela za kutajirika. Ni madawati, ni zahanati, na zinarudi kila mwaka bila kumpigia mtu magoti.

Sasa mtauliza, kwa nini hesabu hizi hazisemwi kwa watu? Kamanda, zinasemwa wapi? Bungeni tangu 2020 unajua kulivyo, karibu wote wa chama kimoja, hoja inapita kabla maji ya kunywa hayajafika mezani. Mahali pa kusema palibaki mkutano wa hadhara. Na Mbinga tunajua bei ya mkutano wa hadhara. Tarehe 9 Aprili 2025 Mwenyekiti wetu, Tundu Lissu, alihutubia hapahapa mjini kwetu, akakamatwa hapahapa, kesho yake akasomewa shtaka la uhaini Kisutu. Siku mbili baadaye chama kikaambiwa hakitashiriki uchaguzi. Kesi ilifikishwa mahakamani, na kama mwanafunzi wa sheria najua mipaka yangu, ushahidi wake siugusi. Naongelea athari yake kwa mtu wa kawaida. Mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa mkutanoni aliniambia kwa simu: "Mwanangu, siku hizi hata kuuliza malipo ya pili lini, unaangalia kwanza nani yuko nyuma yako." Hiyo nayo ni gharama ya uchumi, ila haitaingia kwenye hotuba ya bajeti. Sera mbaya inaweza kusahihishwa haraka kama inasemwa, tozo zile tuliona. Ukimnyamazisha mkulima, umeongeza maisha ya kila kosa.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Nimehudhuria vikao vya vijana wetu, nimesikia "wakulima wananyonywa" mara mia. Sijasikia mara moja mtu akisema chama chetu kikiingia madarakani AMCOS zitakuwaje. Tutafungua soko kama Uganda? Magoma tutayadhibiti vipi? Ruzuku ya mbolea tutaibakiza na italipwa na nini, kama tunaahidi pia kupunguza tozo za mafuta? Kijana wa bango ananishinda kwenye swali moja tu, "nyie mngefanya nini?", na nimechoka kushindwa kwenye swali hilo kwa sababu ya uvivu wetu wa kuandika.

Mimi nianze, mnikosoe. AMCOS ibaki, iwe na mashine yake na mizani yake, ila mkulima awe huru kuuza kwingine kwa mnunuzi aliyesajiliwa na anayelipa kwa risiti. AMCOS au chama kikuu kikipokea kahawa, kiwe na siku 60 kisheria za kukamilisha malipo, zikipita kila siku ina riba, na riba ilipwe na aliyechelewesha, isikatwe kwa mkulima. Stakabadhi ya kahawa iliyopokelewa ikubalike benki kama dhamana ya mkopo mdogo wa Oktoba, huo ndio ungemuua mtu wa magoma bila polisi hata mmoja. Mrabaha wa makaa ugawanywe kwa asilimia zilizoandikwa kwenye sheria. Na kila sera mpya ya mazao, kabla haijaanza, iwekwe hadharani ikiwa na safu zote mbili, kwa Kiswahili, ibandikwe ofisi ya kijiji wiki kadhaa watu waisome na waipinge.

Hizo siku 60 mama yangu anaona ni nyingi. Anataka 30. Tumebishana naye Jumapili kwenye simu, akaniambia mimi nahesabu kama mtu wa bajeti na yeye anahesabu kama mtu wa sufuria. Kahawa ya mwaka huu iko kwenye vichanja inakauka, wiki ijayo inakwenda kwenye chama. Yule mtu wa magoma amepita tena, kakaa barazani, kanywa chai, kaulizia kama mtoto wa chuo hajambo.

Mama akamjibu hajambo. Mwaka wa mwisho unaanza Oktoba, na ada ni ileile.